Beri Zako Zimeota Miiba

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini hukunilea nianze maneno na mkubwa bila salamu.

Niseme ukweli kabla wengine hawajakufikishia huko: beri zako nimeziua mimi. Siku ya msiba watu walikuwa wengi, turubai halikuenea uani, nikaamuru ua wa miiba wa bustani ubomolewe. Nani angefikiria bustani siku ile? Ndugu zetu wa Mungaa wakaja na mbuzi wawili wa kuchinja, wakawafunga palepale. Tuliporudi kutoka makaburini, mbuzi wa matanga yako walikuwa wameshatafuna kila tawi mpaka usawa wa udongo. Mti wenyewe hauna mwiba hata mmoja, ungejiteteaje? Dada Rehema alicheka huku analia. Mimi sikucheka.

Unakumbuka tulivyogombana. Ulipouleta mche ule kutoka Lushoto, umeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, nilikuambia Ilongero ni nchi ya mtama na alizeti, si ya matunda ya wazungu. Ukachimbia nguzo mbili, ukavuta waya, ukatandaza mabua ya mtama chini ili udongo usikauke, na maji yote ya kuoshea vyombo yakawa yanaishia huko. Mwaka wa kwanza halikutoka hata tunda moja. Nikakucheka kweli. Mwaka wa pili ukaniita, ukanitia mdomoni beri moja nyeusi, ukasema, "Haya, bisha sasa." Nikaomba nyingine.

Hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Mti ule usipotee." Basi baada ya arobaini nikaanza kazi. Nikarudisha ua, nikapiga jembe kuzunguka shina kwa nguvu zangu zote, pengine kwa hasira, nikamwagilia. Machipukizi yakatoka. Jamani, nilivyofurahi! Wiki ya tatu nikayashika: miiba. Miiba mitupu, ikanichana kiganja. Nikadhani nimerogwa.

Bwana shamba akaja, akanieleza taratibu kama mtoto wa shule. Aina hii ulaini wake uko juu tu, mizizi bado ni ya miiba. Jembe likikata mzizi, kinachochipua pale kinarudia asili yake. Ukiutaka usio na miiba, unainamisha tawi la mti ambao bado ni laini, unafukia ncha yake ardhini mpaka ishike mizizi. Nikamwambia tawi laini halipo tena. Akashangaa. Akasema lipo, kwa Mama Zaituni, mzee mwenyewe ndiye aliyempandia.

Mama Zaituni.

Ulipotuambia unataka kumuoa, mimi ndiye niliyeongea kuliko wote. Nilisema kaburi la mama halijakauka, na mama alikuwa na miaka minne tangu afariki. Nilisema yule mjane anataka nyumba. Jambo lile hukulitaja tena mpaka ukaondoka.

Nilizungukazunguka siku tisa nikijifanya nina shughuli. Jana nikaenda. Mti wako kule umejaa waya mzima, matawi yamefungwa kwa vipande vya kanga, na mafundo yale ni ya mkono wako, nayajua. Akaniambia ulikuwa unakwenda kila Jumamosi asubuhi. Mnafunga matawi, mnakunywa chai, kisha unawahi kurudi ili wanao wasiseme. Mzee mzima, unajificha watoto wako wasikuone! Niliona aibu, Baba, hata macho sikuweza kuyainua.

Hakunisimanga. Aliinama mwenyewe akachagua tawi, akafukia ncha yake, akaweka jiwe juu lisifumuke, akasema nirudi likishika mizizi. Nikapiga magoti pale pale udongoni nikamwomba msamaha. Akalia kidogo, akajifuta kwa ushungi. Alisema neno moja tu, kwamba hakutaka nyumba ya mtu, alitaka mtu wa kumuuliza ameamkaje.

Na wewe ulitaka hilo hilo, nami nikakunyima. Miaka yote ile umeamka peke yako, mlango wa pili kutoka kwangu, mimi nikipita na baiskeli kwenda shamba.

Hilo sina namna ya kulirekebisha, na sitakudanganya kwamba litaniacha. Mti utapatikana, usiwe na wasiwasi. Ule wa miiba nitaung'oa mvua zikianza, na pale nitapanda mche wa kwa Mama Zaituni.

Buriani, Baba. Mungu akulaze pema. Nakuahidi kila Jumamosi nitakwenda kufunga yale matawi, maana mafundo yako yataanza kulegea. Na kabla sijagusa waya, nitamuuliza ameamkaje.

Mwanao,
Juma