Maziwa ya Lozi Mbele ya Mama

Da Zaina,

Mama alikuja. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla ya salamu, umeshika kiuno pale kwenye ngazi za jengo letu hapa Riverdale Park, Maryland: "Enhe, na mama yako je, kapata viza?" Kapata, dada yangu. Aliipata wiki tatu baada ya sisi kukuzika. Ujumbe wa kaka yangu ulinifikia nikiwa kazini, na jioni nilishuka ngazi mbilimbili kuja kukupa habari. Nilikuwa nimeshagonga mlango wako ndipo nikakumbuka. Mumeo, Mzee Shaaban, akafungua, akanikuta nimesimama tu, mdomo wazi. Nikamwambia nimekuja kumjulia hali. Akasema karibu, na wala hakuniuliza kwa nini nalia.

Nikuambie ukweli, nilikukasirikia. Si tulikuwa tumeshapanga? Miaka sita nimemficha mama yangu kwamba maziwa ya ng'ombe yamenishinda, na wewe ndiye uliyesema, "Akija, mwachie mimi. Nitamkaribisha, nitampa kikombe, akishayasifu ndipo tumwambie." Nilikuwa nakutegemea wewe. Kisha ukaugua mwezi mmoja ukaondoka, ukaniachia mama yangu na lozi zako. Nisamehe kwa hasira hizo. Zimeisha sasa, na utaona kwa nini.

Unakumbuka ulivyonigundua? Pale kwenye nyumba ya wazee tulipokuwa tukifanya kazi, wewe jikoni, mimi nawaogesha na kuwavalisha. Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa asubuhi kama nilivyolelewa, halafu mchana kutwa natembea nimekunja uso na kubana tumbo. Daktari alikuwa ameshaniambia tumbo langu halisagi maziwa tena. Mimi nikaona hawezi kujua, kwani hajui nilikotoka. Mnandi akatae maziwa? Kwetu mgeni akikataa maziwa watu wanatazamana. Mtoto wa nyumbani akikataa, wanamwombea. Wewe ukaniangalia siku tatu, ya nne ukanivuta kando ya friji kubwa ukasema, "Mdogo wangu, kabila lako limekukataa kuanzia tumboni." Ukacheka hadi ukakaa chini. Nilikununia mpaka jioni, halafu tukapanda basi moja kurudi nyumbani ukanipa korosho, basi ikawa imeisha.

Jumamosi ile ukaniita jikoni kwako. Lozi zilikuwa zimelala ndani ya maji tangu jana yake, zimefura. Ukanifundisha kuzimwagia maji ya moto kidogo, kisha kuibana moja moja kati ya vidole mpaka inaruka nje ya ganda. Ya kwanza iliruka ikampiga Mzee Shaaban shingoni akiwa anasoma gazeti kwenye simu. Ukanionyesha blenda, kikombe kimoja cha lozi kwa vitatu vya maji, tende mbili, iliki iliyotwangwa, chumvi ya kunusia tu. Ukatoa kitambaa cha kuchujia, na nilipouliza ni cha nini ukasema ni kanzu ya zamani ya mume wako, upande wa mgongoni, umeifua mara hamsini. Machicha hukutupa, uliyaweka kwenye unga wa maandazi. Nilipopiga funda la kwanza nilinyamaza. Tumbo nalo likanyamaza, mara ya kwanza katika mwaka mzima. Ukasema bibi yako Tanga alikuwa akiyatengeneza watu wakifunga ndoa, na kwamba haijawahi kutokea mtu aliyepewa akaomba aongezewe sukari.

Halafu ukanionya jambo moja, tena ukalirudia kila Jumamosi: "Usiyachemshe. Yapashe tu yapate uvuguvugu. Lozi si ng'ombe."

Sasa sikiliza nilichofanya.

Mama alifika na sanduku moja, na ndani ya sanduku kuna kibuyu. Kibuyu kitupu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, amekifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Wale wa uwanja wa ndege walikifungua, wakachungulia, wakanusa, wakamrudishia. Kesho yake asubuhi akataka apelekwe dukani, akachagua dumu kubwa kuliko yote ya maziwa, akalibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa mguu kando ya barabara ya Route 1, mimi namfuata nyuma nikimwomba anipe nilibebe. Alionja akasema maziwa ya hapa yamekonda. Lakini yaliyokonda hayo hayo akawa ananipa kila asubuhi, kikombe kizima, anasimama mbele yangu mpaka niyamalize. Mimi mwanaume wa miaka arobaini na nne. Nikayanywa.

Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nilishuka kwenye basi vituo vitatu kabla ya kazini, nikakimbilia choo cha watu wasionijua. Siku ya tatu nilikaa kwenye ngazi, pale pale pako, nikakuuliza nifanye nini. Mzee Shaaban ndiye aliyetoka na kitambaa chako kimekunjwa vizuri, akasema, "Chukua, mwenye nacho alisema kazi yake haijaisha." Nilijua amejitungia. Lakini nilikichukua. (Yeye mzima, usiwe na wasiwasi. Amekonda kidogo. Ameanza kupika wali mwenyewe, na mimi kama jirani nimeula, Mungu anilipe.)

Jioni hiyo hiyo, Ijumaa, nililoweka lozi. Mama akaliona bakuli akafikiri ni maharagwe, akaniambia maharagwe ya namna hiyo hayataiva kabla ya Krismasi. Nikalifunika bakuli kwa sahani. Jumamosi asubuhi akiwa chumbani na Biblia yake nikayatengeneza, na yalitoka mazuri, Da Zaina, meupe, mazito, hata wewe ungekubali. Ningemimina kikombe nikampa, ingekuwa kama ulivyosema. Lakini nilisimama pale na jagi mkononi nikakumbuka mama yangu anavyoijua chai. Chai kwetu inachemka. Maji, majani, sukari na maziwa vyote vinaingia sufuriani, vinapanda mpaka mdomoni, unateremsha, unapandisha tena. Chai unayochanganyia kikombeni anaiita chai ya watu wasiopendana. Nilitaka asijue. Hapo ndipo nilipokosea, wala si jikoni. Nilitaka anywe kikombe kizima bila kujua, aseme ni nzuri, ndipo niwe na nguvu ya kumwambia.

Basi nikayamimina yote sufuriani na majani ya chai, nikawasha moto mkubwa.

Kwanza yalitulia. Kisha yakaanza kuwa mazito kama uji. Kisha yakakatika. Mabonge huku, maji ya rangi ya udongo kule, na iliki juu inaelea. Nikakoroga. Nadhani nilikuwa nakuita kwa sauti. Nilipogeuka mama amesimama mlangoni ameshika miwani yake, anaangalia sufuria. Alisogea akachukua kijiko, akateka, akanusa, akaonja. Mwanamke huyu amekamua ng'ombe tangu akiwa msichana mdogo. Akaniuliza kwa upole kabisa, kwa Kinandi, nakutafsiria: "Ng'ombe huyu ameugua lini?"

Nikacheka, Da Zaina. Nilikuwa naogopa, na bado nikacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Nikamwambia yote nikiwa nimempa mgongo, natazama jiko. Kwamba hakuna ng'ombe. Kwamba nimemdanganya kila Jumapili kwa simu aliponiuliza kama nimekunywa maziwa. Kwamba maziwa aliyonipa wiki ile yote yameishia chooni. Kwamba nilihofia akijua ataona amezaa Mnandi akarudishiwa mtu mwingine. Hicho ndicho kilichokuwa kikinitesa miaka yote, si tumbo.

Nilisikia treni ya mizigo ikipita kule nyuma ya majengo, ikapita yote mpaka mwisho. Halafu akavuta kiti akakaa.

"Baba yako naye," akasema.

Nikageuka. Akaniambia baba alikuwa hawezi maziwa mabichi tangu wakiwa wachumba. Aliweza mursik tu, ile iliyokaa kibuyuni siku nyingi, na chai aliyokuwa akipewa mbele za watu mama aliipika kando kwa maziwa kijiko kimoja. Watu wakamsifu kwamba ni mzee anayeheshimu mila, hataki kitu ila mursik. Mama akamtunzia hiyo siri mpaka akaingia nayo kaburini. Na kibuyu alichokibeba kuvuka bahari kilikuwa cha nini? Aliniona kwenye video kwa simu, nimekonda, nakwepa swali, akajisemea huyu ni mtoto wa baba yake, mursik ataiweza. Vikombe vile vya asubuhi alikuwa ananipima! Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. "Siku tatu," akasema, "umekuwa mgumu kuliko baba yako. Yeye alisema siku ya pili."

Ungekuwepo ungeanguka kwa kicheko. Nilikutamani sana wakati ule, kiasi kwamba niliangalia mlangoni.

Baada ya hapo akataka aonyeshwe kazi yenyewe. Nilikuwa na lozi kidogo zilizobaki kwenye maji, tukazimenya pamoja. Akazirusha makusudi mbili tatu. Alipoambiwa kwamba kitambaa ni kanzu ya mwanaume alikishika kwa vidole viwili kwanza, halafu akakunja mikono ya sweta yake na kukikamua. Nakuambia, mimi na wewe tulikuwa tunacheza. Mikono ile ilipomaliza, machicha yalikuwa makavu unaweza kuyapeperusha. Hatukuyachemsha. Tuliyapasha mpaka mvuke ukaanza tu, nikazima. Akanywa nusu kikombe taratibu, akafikiria, akasema si maziwa, lakini ni kitu cha heshima. Kwa mama yangu hiyo ni sifa kubwa. Kisha akampigia simu dada yake aliye Kapsabet akamweleza kila kitu, tumbo langu na yote, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mzee Shaaban. Sasa kijiji kizima kinajua habari za tumbo langu, na sijafa kwa aibu.

Alipomaliza simu akaniuliza aliyenifundisha ni nani, na yuko wapi, anataka kumwona.

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimwambia yuko hapa Maryland, lakini amelala. Akaweka kikombe mezani. Akasema, "Nipeleke."

Jumapili alikwenda kanisani asubuhi, na mchana Mzee Shaaban akatupeleka makaburini kwa gari lake. Njiani mama alifunga kitambaa kichwani vizuri zaidi ya alivyokifunga kanisani. Alikuwa ananiuliza maneno ya Kiswahili, hili linasemwaje, lile linasemwaje, anayarudia kwa midomo. Nikamwambia aongee Kinandi tu, Mungu anasikia. Akasema hazungumzi na Mungu, anazungumza na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hajui Kinandi.

Mzee alikuombea dua akarudi garini akatuachia nafasi. Majani yameota vizuri juu yako. Mama alisimama miguuni pako, mkoba umebanwa kwapani, akakohoa kidogo kama anayebisha hodi. Akasema:

"Mama Zaina, mimi ni mama ya Kibet. Nimekuja kukuona, nimechelewa. Mimi nilikuwa mbali, mtoto yangu alikuwa na njaa, wewe ukamlisha. Asante. Asante sana."

Halafu akashindwa kuendelea. Mimi nilikuwa nimeshashindwa zamani. Tulisimama hapo watu wazima wawili tunalia mchana, kuna upepo, na sikuona aibu yoyote. Akaniambia nimtangulie garini. Alibaki na wewe robo saa nzima, namwona kwa mbali mikono yake inaongea. Alipoingia garini nilimuuliza amekuambia nini, akasema hayo ni ya wanawake, nikae kimya niendeshwe.

Amerudi nyumbani Jumanne iliyopita. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Na kama amekuachia siri yangu nyingine yoyote, au ya baba, itunze.

Pumzika sasa, dada yangu. Ulisema utampokea mama yangu, na umempokea. Anasema atakuja tena mwaka kesho, viza ikikubali. Nakuahidi hili: siku hiyo tukitoka uwanja wa ndege hatutapitia nyumbani. Nitamleta kwako kwanza, na sanduku lake likiwa bado limefungwa.

Mdogo wako,
Kibet