Jibu la HAPANA nililomchapia Sekela

Mlowo, Jumapili alasiri. Baridi kali, ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na kahawa ya baba bado imefunikwa maturubai kwenye vichanja. Sina amani hata kidogo.

Mdogo wangu Sekela anafanyiwa sendoff Jumamosi ijayo. Anaolewa na Elia, kijana wa Mbebe, na mimi ndiye niliyesema hawana undugu. Yaani si mimi, programu yangu. Lakini programu niliiandika mimi.

Kwetu wenye babu mmoja hawaoani, na posa haijibiwi mpaka koo zote mbili zichunguzwe. Zamani wazee walikaa siku nzima wakitajiana majina. Mimi, mwalimu wa kompyuta mwenye kiherehere, nikasema niachieni. Nikazunguka na daftari kwenye vitabu vya ubatizo, huku kwetu na huko Mbebe, nikaandika nani ni mzazi wa nani.

Programu yenyewe haina hatua za kufuata, na hilo ndilo lililonivutia. Unaiwekea taarifa, unaiwekea kanuni ya undugu, basi. Yenyewe inaipitisha kanuni juu ya taarifa, ikipata jipya inalitumia kupata jingine, hadi pasipatikane jipya tena. Ndipo unauliza. Na kisichopatikana, inakihesabu kuwa si kweli.

Niliuliza kama Sekela na Elia ni ndugu. Ikajibu HAPANA. Nikachapa karatasi, baba akaenda nayo kwenye kikao cha posa akiwa ameinua kichwa.

Jana shangazi Yusta, dada yake baba, alifika kutoka Msangano kuja kusaidia mapishi. Leo baada ya ibada, tukichambua maharage, akauliza bwana harusi ni mtoto wa nani. Nikamtajia marehemu mama yake Elia. Mikono ya shangazi ikasimama.

Mama huyo alikuwa mtoto wa Babu.

Babu alimzaa huko Mbebe kabla hajamwoa Bibi. Mtoto akalelewa na mjomba wake, akabatizwa kwa jina la huyo mjomba, na kitabu kikaandika mjomba ndiye baba. Shangazi anajua kwa sababu alipokuwa msichana Babu alikuwa akimtuma kumpelekea sukari na kitenge. Kumbe Elia ni mtoto wa shangazi yetu tuliyekuwa hatumjui.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza, sauti imenipanda.

"Uliniuliza, mwanangu? Wewe uliuliza vitabu." Kisha akashusha sauti. "Nimekwambia wewe tu. Ukinyamaza, na mimi nanyamaza."

Ningependa kuandika hapa kwamba sikushawishika. Nilishawishika sana. Sekela hajawahi kuwa na furaha kama ya mwezi huu. Ile karatasi ya HAPANA ameiweka ndani ya Biblia yake, anamwonyesha kila rafiki anayekuja.

Nimekaa na kompyuta tangu saa nane. Nimefuta mstari mmoja, ule wa mjomba, nikaandika mwingine: Babu ni mzazi wa mama yake Elia. Kanuni sikuigusa. Nikauliza swali lile lile.

NDIYO.

Halafu ikafuata orodha ya ndugu wengine wapya, watu wa Mbebe ambao hadi leo asubuhi walikuwa wageni kwangu. Wote wametoka kwenye mstari mmoja. Nikiufuta, watapotea, na programu itasema HAPANA bila haya kama mwanzo. Haikunidanganya ile siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyechukua ukimya wa vitabu nikaupeleka kwa baba kama ushahidi, wakati mwenye habari alikuwa Msangano, mzima, ana simu.

Nimeuhifadhi mstari.

Sekela yuko jikoni, ananiita nikaonje pilau ya majaribio. Nimemjibu, "Nakuja, mdogo wangu. Ilete hapo na ile Biblia yako."