Betri Niliyoipima Ingali Moto

Nchelenge, sokoni

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi, wewe na wote wanaolala chini ya bati lako. Magoti ya mama yanaendeleaje na baridi hii? Bado anakataa kuvaa soksi nilizomtumia, au ameshazigawa kwa wajukuu kama kawaida yake? Na mgongo wako je? Sisi huku ng'ambo ya mpaka tunapumua. Upepo wa ziwa unakata masikio, samaki ni wachache, na Wabemba wa hapa sokoni bado wanakicheka Kibemba changu, ingawa wananiita "mayo", yaani mama, na kuniletea chai. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Najua utajiuliza, simu ipo, barua ya nini? Yaya, nimekupigia mara nyingi nikiwa nimejipanga kusema, na kila mara nimeishia kukuuliza habari za mihogo. Wewe mwenyewe uliniambia, "Odile, tangu lini unapenda mihogo yangu hivi?" Nikacheka, na sikuwa na cha kuchekea. Kwa hiyo nimempa karatasi hii Mama Scola, yule mfanyabiashara wa samaki anayepitia Chienge kuja huko Pweto, akukabidhi mkononi. Tafuta kiti ukae kwanza.

Ni habari ya mkono wa Trésor, mwanao. Ulichoambiwa ni kwamba taa yake ilizimika ziwani kwa sababu alisahau kuchaji betri, chombo kikubwa hakikuwaona, na mkono ukabanwa. Taa ilizimika kweli, na mkono ulibanwa kweli. Lakini hakusahau kitu. Betri ile ilitoka kwangu, na mimi ndiye niliyemwambia ina nguvu.

Kazi yangu unaijua juu juu tu, ngoja nikueleze. Kwenye kibanda changu nina paneli za jua, nachaji simu za watu na betri kubwa za wavuvi wa chisense, wale dagaa wadogo wanaofuata mwanga usiku usio na mwezi; asiye na betri namkodisha moja ya zangu. Kuijaza betri si kazi. Kazi ni kumwambia mvuvi kama taa yake itafika asubuhi. Betri iliyochoka, ukiipima kwa mita ikiwa haina mzigo, inakuonyesha volti nzuri kabisa, utadhani imetoka dukani leo. Lakini ndani yake kuna ukinzani, yaani inaubana umeme wake yenyewe usitoke, na kadiri inavyozeeka inazidi kubana. Ni kama mtungi uliojaa maji, mdomo umezibwa na matope. Ndiyo maana mimi napima mara mbili. Napima betri ikiwa imetulia, halafu nafunga taa ya gari juu yake na kupima tena taa ikiwa inawaka. Tofauti ya volti naigawanya kwa umeme unaopita kwenye taa, napata ukinzani wenyewe. Ukiwa mkubwa naikataa betri, hata mwenye nayo anitukane.

Na kuna sharti moja ambalo nawahubiria wateja kila siku mpaka wamenichoka: betri ipumzike kivulini mpaka ipoe ndipo ipimwe. Ikiwa moto, umeme unatoka kwa urahisi, na betri mbovu inajifanya nzima.

Sasa siku ile Trésor alikuja mchana, foleni imejaa. Unajua desturi yangu, ndugu hapiti mbele ya mteja, nisije nikasemwa kwamba Wakongo tunapendeleana. Nikamsimamisha nyuma. Betri nzuri zikaondoka moja moja na watu wengine, na zamu yake ilipofika ilibaki moja nzee, ambayo asubuhi nilikuwa nimeiweka juani juu ya bati. Unakumbuka mama alivyokuwa anaanika juani mawe ya redio, zile betri ndogo, ili jioni tusikilize nyimbo? Redio iliimba kweli, nyimbo mbili tatu, kisha ikanyamaza, na baba akatoa matusi. Nimekuwa fundi, nina mita, na bado mkono wangu ulienda juu ya bati kama wa mama. Niliishusha ikiunguza vidole, nikafunga taa, volti zikashuka kidogo tu. Nikafurahi. Nilifurahi, yaya, na huku nikijua kwamba betri ya moto haipimwi.

Trésor alisimama palepale akaniuliza, kwa sauti yake ile ya upole:

"Mama mudogo, hii betri iko na nguvu ya kweli? Itafika asubui?"

"Iko na nguvu. Beba, wende."

"Ulipima na taa?"

"Nilipima, Trésor! Batu banasimama hapa, hauone?"

Akaibeba begani akaenda. Ningeweza kumwambia angoje ipoe. Ningeweza kumwambia asiende siku hiyo. Nilikuwa nimechoka, nilitaka foleni iishe, na nikajisemea moyoni kwamba hata ikizimika mapema, huyu ni mtoto wa nyumbani, hatakuja kunipigia kelele kibandani. Mteja wa nje nisingemfanyia hivyo. Hilo ndilo linalonila.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mulenga, kijana wa hapa anayevua naye. Huko majini baridi ilikuwa kali, na betri ikapoa. Taa ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikafa kabla hakujapambazuka. Chombo cha mizigo kinachotoka Kilwa, upande wenu wa ziwa, kikawajia bila kuwaona. Trésor alinyoosha mkono kukisukuma wasipinduke, na ule mkono ndio uliobaki katikati ya mbao na mbao. Hospitali ya hapa wakamfunga bendeji, kisha tukampandisha basi dogo la kwenda Mansa nikiwa nimempakata kama alivyokuwa mdogo. Daktari amesema mkono utapona, ila vidole havitafunga tena kama zamani. Wavu hawezi kuuvuta.

Nilipotoka Mansa niliifuata ile betri mtumbwini. Nikailaza kivulini, nikaipima asubuhi ikiwa baridi. Bila mzigo, volti zilikuwa nzuri. Nikafunga taa, zikaanguka palepale nikiziangalia. Sikuhitaji kugawanya.

Kisha ile simu yako, Trésor akiwa amesharudishwa kitandani hospitali ya hapa. Nilikuwa nimemshikia Trésor simu sikioni, na sauti yako ni kubwa, yaya, hata bila spika jirani wa kitanda cha pili anasikia. Ukamwambia, "Mutu gani anaingia mu mayi bila kuuliza kama taa yake iko na nguvu? Hukuuliza?"

Aliniangalia mimi. Halafu akasema, "Sikuuliza, mama. Nilisahau na kuchaji."

Ukamwita mtu asiye na kichwa. Ukasema akipona arudi Pweto akae mbele ya macho yako, kwamba ziwa si la wajinga. Na mimi, dada yako wa tumbo moja, nilishika simu nikanyamaza.

Ulipokata nikamwambia, "Trésor, kwa nini umedanganya mama yako?" Unajua alinijibu nini?

"Mi niko mutoto wake, mama mudogo. Atakasirika, kisha ataacha. Weye uko ndugu tu. Weye anaweza kukutupa."

Nimekuwa nikikaa na maneno hayo tangu siku ile. Anacheka na wauguzi, anakula, lakini simu yako ikilia anaipindua kifudifudi. Mulenga na baba yake wamempa nafasi ya kuuza nyavu pamoja nao hapa ufukweni, kazi ya kukaa, ya mdomo na hesabu, na mkono mmoja unatosha. Anaitaka sana. Amewakatalia, kwa sababu wewe umesema hana kichwa, na ameanza kuamini. Juzi nilimkuta anakunja nguo zake kwa mkono mmoja ili arudi huko.

Hajui kwamba naandika. Angenikataza. Lakini siwezi kuendelea kula naye sahani moja huku anabeba lawama yangu. Sikuombi unisamehe sasa hivi. Nikasirikie, ni haki yako, na ukitaka kuja kunisema mbele ya soko zima njoo, nitakuandalia kiti. Akiamua kurudi, arudi kwa kupenda kwake, si kwa kufukuzwa na kosa ambalo si lake.

Msalimie mama, umpapase magoti kwa niaba yangu, na habari hii umwambie polepole. Msalimie shemeji, baba wa watoto, mwambie naogopa uso wake kuliko wako. Msalimie mdogo wake Trésor, yule binti anayesoma ushonaji, na mama mkubwa wa pale kisimani aliyenifundisha kuimba kanisani.

Na wewe yaya, ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mimi nitangoja hata mwaka. Mpigie Trésor. Mwambie mama yake anajua kwamba aliuliza, na kwamba aliuliza mara mbili.

Mdogo wako niliyenyamaza,
Odile