Minyororo ya Kusawazisha Meli

Husby, Stockholm
Juni 1986

Mke wangu Zaituni,

Kabla sijasema lolote, nipe kwanza hali yako na ya mwanetu Rehema. Na mguu wa mama je, umepoa? Mimi mzima, nashukuru, ila mikono imeota sugu kama ya mchimba visima.

Ile kazi ya meli niliyokudokezea nimeijaribu. Ni meli kuukuu ya mvuke, na ubavuni ina magurudumu mawili makubwa ya makasia, moja kila upande. Zamani, kabla babu zetu hawajazaliwa, ilivusha abiria na barua kati ya Uingereza na Ufaransa. Siku hizi inatembeza wageni visiwani. Asubuhi natia makaa tanurini, halafu napanda juu kusukuma mkokoteni wa minyororo. Usicheke! Abiria wakijazana upande mmoja, gurudumu la pili linatoka majini na meli inakwenda mrama. Basi napeleka minyororo upande ulio mwepesi, meli ikae sawa.

Nahodha, mzee Mswidi mkali, alisema atanitazama mpaka safari ya majaribio, ndipo aamue kunipa kazi ya kudumu. Bila kazi hiyo siwezi kuwaita wewe na Rehema, nawe unalijua hilo. Siku ya safari hiyo kila mfanyakazi aliruhusiwa kuleta watu wake. Wenzangu walileta wake zao. Mimi nilileta Waswahili wa Husby na Norsborg!

Tulipofungua kamba tu, tukamwona Mama Nakato, yule nesi Mganda aliyenifanya mdogo wake, anakimbia gatini na sufuria ya pilau kichwani. Unawajua watu wetu. Nani amwache mtu bila kumpungia? Wote wakakimbilia ukingo wa kushoto.

"Mama Nakato, pole!"

"Pilau yetu, jamani!"

Meli ikainama, gurudumu la kulia likawa linapiga hewa, tukaanza kupinda kuelekea mashua zilizofungwa. Nahodha akanguruma. Nilisukuma minyororo mpaka kifua kikauma, wapi! Nikasema moyoni, Zaituni wangu ndio huyo anapotea.

Nikapaza sauti: "Jamani, picha! Kamera iko huku!"

Walikuja wote, mbio, wakijitengeneza vilemba. Ikabidi niirudishe minyororo kule nilikoitoa. Kamera yenyewe haikuwapo.

Meli ilipotulia nahodha akaniita. Nilidhani ndiyo kwaheri.

"Yule mama gatini ni nani kwako?"

"Dada yangu."

"Na hawa wote?"

"Ndugu zangu."

Akatikisa kichwa, akageuza meli kumfuata. Mama Nakato alipanda akifoka: "Nyinyi mulitaka kula nini huko, maji?" Nahodha alipomaliza sahani ya pili ya pilau akaniambia, "Kazi ni yako. Ila ndugu zako uwagawe, nusu huku, nusu kule."

Zaituni, nililia mbele za watu. Namshukuru Mungu, namshukuru mzee yule, nawashukuru hata hao waliotaka kutuzamisha. Mambo ya safari yenu nimeanza kuyashughulikia.

Nisalimie mama, shemeji yangu fundi cherehani, na jirani anayekuchotea maji. Mwambie Rehema baba anamkumbuka sana.

Nawe, siku nitakayokupandisha meli hii, simama upande unaoupenda, upunge mkono mpaka uchoke. Minyororo nitaisukuma mimi.

Mumeo,
Hamisi, Baba Rehema