Viti Tisa Bila Gundi

4 Juni

Kaka,

Salamu. Habari za hapo nyumbani, na mgongo unaendeleaje? Wifi na watoto wasalimie. Mimi kwa afya sijambo. Kwa moyo siko sawa, na sababu ni wewe.

Niliposikia umechaguliwa kuwa mtahini wa wanafunzi wangu wa useremala, nilifurahi, mjinga mimi. Nikawaambia wasipake gundi kwenye viti vyao vya mtihani. Nikawaeleza alivyotufundisha marehemu baba: ulimi wa ubao unaingizwa kwenye tundu ukiwa mkavu, fundi mkubwa anafungua kiungo, anakitazama kwa macho yake, ndipo gundi inapakwa. Nikasema anayekuja ni mtoto wa mzee huyo, atafungua kila kiungo.

Wewe ukaingia, ukafunga mlango, ukaanza kuvikalia na kuviyumbisha kama mteja wa sokoni. Mwalimu haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nilisimama nje nikisikiliza viti vikianguka kimoja baada ya kingine. Mwanafunzi mmoja alijaribu kukueleza, ukamwambia anayetahiniwa hasemi. Wote tisa umewapa sifuri.

Ulijua, kaka. Usiniambie hukujua. Ulikuwa unanikomoa mimi kupitia watoto wa watu. Nenda ofisi ya mitihani ukafute alama zile kabla matokeo hayajafungwa mwisho wa mwezi.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Mgongo unauma kama kawaida, asante kwa kuuliza, ingawa najua uliuliza kwa sababu barua lazima ianze na kitu. Wifi yako anakusalimu. Yeye hana ugomvi na wewe.

Sikujua. Ningejuaje? Siku unaondoka kwenye karakana ya baba ulisimama katikati ya maranda ukasema mbele ya mafundi wote, "Mambo ya baba yamepitwa na wakati. Naenda kufundisha watu waliokwisha amka." Maneno hayo nimekaa nayo miaka yote hii. Basi nimeingia kwenye chumba chako chenye mashine zinazong'aa, nikakuta viti vimesimama, vimepigwa msasa, vimepangwa mstari. Nikaona hivi vimemalizika. Kiti kilichomalizika kinakaliwa, na hivyo vyako vilianguka.

Kama ulitaka nifungue viungo ungeniandikia mstari mmoja tu. Lakini kuniandikia mimi hukuweza, ungepungukiwa na nini sijui. Alama sifuti. Fundi akishakwenda ofisini kusema alikosea kutahini, nani tena atampelekea mtoto wake afundishwe kazi?

Kaka yako

20 Juni

Kaka,

Leo salamu sina, na afya yako siulizi.

Kuna mwanafunzi tunamwita Mama Mapacha. Amesoma miaka miwili huku akifua nguo za watu. Kiwanda cha vitanda kimemwekea nafasi, kinasubiri cheti tu. Jana walimpigia simu kumuuliza kulikoni. Alikaa kwenye benchi la kazi ameshika randa, haisukumi. Hata kulia hakulia, na afadhali angelia.

Wewe unaogopa watu watasema nini juu ya jina lako. Mimi naogopa huyu mama atarudi kwenye beseni la nguo. Usipokwenda ofisini, usikanyage kwangu tena. Hata nikifa, jeneza langu atengeneze mtu mwingine.

Mdogo wako

28 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama huko. Sisi tuko salama.

Utakuwa umeshasikia. Nilikwenda ofisini nikasema nilikosea. Yule bwana wa mitihani aliniangalia kama nimemwingizia matope sebuleni, akaniacha nimesimama, halafu akanipa karatasi mpya. Nikaja chuoni Jumamosi nikijua hupo. Sikutaka kukuona, na sidhani na wewe ulitaka. Niliwaita wanafunzi, wakavisimamisha tena viti vyao, nikafungua kiungo kimoja kimoja mpaka jua likageuka.

Wanane wamefaulu. Wawili kati yao ningewachukua kwangu hata kesho. Nakuambia kwa kuwa ni kweli, usidhani nakubembeleza.

Huyo Mama Mapacha nimeacha alama zake wazi. Mguu wa nyuma wa kulia, lile tundu hakuchonga yeye. Ulichonga wewe. Ukikaribia chini unailaza patasi kushoto, baba alikupigia kelele mpaka akachoka. Tundu lako ningelijua hata kwa kupapasa. Nilimuuliza, akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu aliona nimechelewa."

Ulinitukana barua mbili kwa ajili ya haki ya wanafunzi wako, kumbe mmoja wao ulishamnyang'anya mtihani wake mkononi. Nimekasirika, na safari hii nina haki ya kukasirika. Ofisini sijalitaja. Nimewaambia kiti kimoja nitakimaliza mwezi ujao, wamekubali. Mwambie achonge mguu mwingine, na wewe utoke chumbani.

Kaka yako

5 Julai

Kaka,

Salamu. Nasikia mgongo umekulaza tangu ile Jumamosi ya kuinamia viti. Pole.

Kuhusu lile tundu sina la kujitetea. Muda ulikuwa unayoyoma, nikamwonea huruma, nikamchukulia patasi. Nilimwomba radhi nikidhani atanielewa. Hakunielewa. Aliniambia, "Mwalimu, nilikuwa naweza. Ulinionaje mimi?" Kukasirikiwa na wewe nimezoea, lakini lile neno la yule mama limeniuma kweli.

Juzi amechonga mguu mpya. Alifunga mlango kwa ndani, mimi nikabaki nje kama siku ile ya mtihani wako, nasikiliza nyundo. Alipotoka alikuwa ameufunika kwa gunia, akapita nao mbele yangu bila kunionyesha. Mpaka leo sijauona.

Na wewe bado nina hasira, usijidanganye. Yale niliyosema kwenye karakana ya baba siyarudishi yote, na wewe huna haja ya kuniomba msamaha wa nusunusu. Ukiweza kusimama, njoo Alhamisi asubuhi. Ufunguo wa chumba uko kwa mlinzi. Ufungue kiungo chake, ukitazame, umpe anachostahili. Mimi nitakuwa nyumbani. Akifaulu, mwambie yeye. Kama atataka nijue, ataniambia mwenyewe.

Mdogo wako