Mama Anataka Mchumba Wangu Avue Miwani

Mpendwa Shangazi Kokila, naomba msaada wako, na tafadhali usilitaje jina langu kwa sababu mama yangu husoma safu yako kila Jumapili kabla hata hajapiga mswaki.

Mimi ni mhasibu hapa Rajkot, nina miaka ishirini na tisa, na nimemchumbia Hetvi, mwalimu wa hesabu, msichana mcheshi mwenye miwani mizito, nami nampenda hivyo hivyo alivyo, ila siku tulipokwenda kwao kumwona, mama alimaliza sahani nzima ya vitafunio vya dhokla, akasifu chai, akasifu hata mapazia, halafu tulipofika nyumbani akasema, “Msichana mzuri, lakini ile miwani itaharibu picha za harusi, na wajukuu wangu watazaliwa hawaoni,” hapo hapo akampigia simu baba yake Hetvi, Vrajlalbhai, fundi cherehani, akamwambia, “Ndugu yangu, sisi si wale wakwe wanaodai vitu kwa baba wa bibi harusi, hatutaki hata kijiko, tunaomba macho tu,” yaani Hetvi afanyiwe upasuaji wa leza kabla ya harusi, kwa gharama zao.

Basi tukaenda hospitali sote, maana kwetu hata jino haling’olewi bila ukoo mzima, na mama akamuuliza daktari kama kuna punguzo la Diwali, na kama akimleta na dada yangu macho manne yatakuwa bei gani, na kama haiwezekani kuanza na jicho la kushoto, lile litakaloelekea kamera. Daktari akapima, akasema kioo cha mbele cha macho ya Hetvi ni chembamba, upasuaji wa rupia elfu arobaini haumfai kabisa, ule wa laki moja na nusu unaofanywa Ahmedabad labda, lakini angekuwa binti yake angemwacha na miwani yake. Mama akamgeukia Vrajlalbhai, “Umesikia? Kumbe tatizo ni bei tu!” Sasa nasikia yule mzee ameweka bangili za mkewe rehani kwa sonara, na miadi ya Ahmedabad ni mwisho wa mwezi.

Shangazi, kinachonikosesha raha ni kwamba mimi mwenyewe sioni. Bila lenzi ninazovaa ndani ya macho siwezi kutofautisha ng’ombe na pikipiki, na mama anajua, ndiye aliyenivua miwani siku ya picha ya wasifu wa kutafutia mchumba akisema tusiwape watu la kusema. Hetvi hajui. Siku moja tulikuwa tunakula ganthiya na pilipili za kukaanga, nikajisahau nikagusa jicho kuirudisha lenzi mahali pake, likawaka moto, machozi yakanitiririka, nikasema ni vumbi, naye akanipa leso akanitazama sana. Nikisema ukweli namwaibisha mama, nikinyamaza Hetvi anapasuliwa. Nifanyeje?

Mhasibu, Rajkot

SHANGAZI KOKILA ANAJIBU

Pole, mwanangu. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tuzungumze.

Unakagua hesabu za matajiri wa mji mzima na huwezi kumwambia mama yako neno moja? Daktari ameshasema macho yale yaachwe. Baba wa watu amevua bangili mikononi mwa mkewe ili binti aingizwe kwenye hatari asiyoihitaji, na wewe unaogopa aibu! Mdai macho ni mdai mali tu, hata akijifanya hataki kijiko.

Eti Hetvi hajui. Msichana aliyekua na miwani usoni hajui chozi la lenzi na chozi la vumbi? Alikupa leso akangoja useme. Ukasema vumbi. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, na chako kimeshakuumbua mbele ya sahani ya ganthiya.

Na wewe mama yake, dada yangu, weka huo mswaki chini unisikilize. Leza haigusi damu. Wajukuu watarithi macho ya wazazi wao kama yalivyokuwa kabla ya upasuaji, na nusu ya ubovu huo wataupata kwa mwanao.

Sasa wewe kijana. Leo hii toa lenzi, vaa miwani yako, keti nayo mezani ule. Mama akilia, mpe maji, lakini usiivue. Kesho nenda na hiyo miwani kwa Vrajlalbhai, umwombe radhi mbele ya mkewe, kisha mwende pamoja kwa sonara mkazikomboe bangili, kwa mshahara wako. Miadi aifute Hetvi mwenyewe, macho ni yake. Siku akitaka upasuaji kwa raha yake, na daktari akiridhika, hilo halikuhusu wewe wala mama yako. Ukishamaliza, mwambie Hetvi kila ulichomficha, umuulize kama bado anakutaka, na unyamaze mpaka ajibu.

Akikukataa, fedha za bangili usizidai.