Nani wa Kunitwisha Kikapu

Kwako mjukuu wangu Yusufu,

Salamu nyingi kutoka hapa Gisenyi. Sisi tuko wazima. Shangazi yako amejifungua binti, na babu yako bado anashona, ingawa sindano anatungiwa na jirani.

Unajifunza kuchora majengo huko Bujumbura, na umeniuliza: yale maduka mapya ya barabara ya Rugerero, enzi za Wabeleji, kwa nini tuliyakimbia wakati yalikuwa mazuri? Mi mwenyewe sijui vizuri. Nakumbuka siku moja tu.

Nilitoka shambani na kikapu cha viazi kichwani, baba yako mgongoni, nikapita kununua chumvi. Mwenye duka akasema mzigo ubaki nje. Bon, nikautua. Nilipotoka na chumvi yangu, hakuna wa kunitwisha. Sokoni ukiinama tu, mtu anakuja. Pale kila mtu alishuka kwenye voiture, gari lake, akaingia, akatoka, akapanda tena.

Dereva mmoja akaniuliza kwa upole, "Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta mutu."

Akatazama huku na huku. "Lakini watu iko wengi hapa!"

Akapanda gari, akaenda zake. Baadaye bibi kizee mwenye jembe akapita kwa miguu. Hakuuliza kitu. Alishika upande wa pili wa kikapu, tukakiinua, nikaenda nyumbani.

Yule dereva hakusema uongo, watu walikuwa wengi. Basi, Yusufu, mi nilikuwa natafuta nani?

Bibi yako,
Zaituni